Kuitamka Hukumu ya Kamba kwa Kijaluo

Siku ya chai ya kuniaga, wakalimani vijana waliniomba niwaachie maneno mawili matatu ya kazi. Nilisema machache, maana mandazi yalikuwa yanapoa na hakimu alikuwa na safari. Sasa nina nafasi. Mke wangu amenipa meza karibu na dirisha, kwa sharti kwamba nisimfuate jikoni kumsahihisha anavyosema. Mtu akikaa mahakamani miaka mingi kama mimi, anarudi nyumbani na tabia hiyo kama mvuvi anavyorudi na harufu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika korti ya hakimu hapa Kisumu. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuku. Mshtakiwa alijibu kwa Kijaluo kwamba hakuiba, nami nikamgeukia hakimu nikasema, "Anasema hakuiba." Nilijiona nimefanya kazi safi. Wakati wa mapumziko, Mzee Jotham, mkalimani mkuu wetu, alinivuta kando.

"Nani anasema?" akaniuliza.

"Mshtakiwa, Mzee."

"Na wewe hapo katikati unatafuta nini? Umeitwa kutoa ushahidi? Mtu akisema 'sikuiba', wewe sema 'sikuiba'. Jaji akisema 'mimi', wewe sema 'mimi'. Ukianza 'anasema, anasema', utakuwa mmbeya wa serikali."

Baada ya chakula cha mchana nikasimama nikatangaza kwa sauti kubwa, "Sikuiba kuku, nilimkuta ananifuata." Watu wakacheka. Kulikuwa na jirani yangu wa Kondele nyuma kabisa, aliyekuja kwa kesi ya mpaka, na hakukaa kusikia zaidi. Nilipofika nyumbani jioni, nilimkuta mama yangu analia kwamba nimeshtakiwa kwa wizi wa kuku siku ya kwanza kazini.

Mzee Jotham alikuwa na mafunzo mengine mawili ambayo bado nawapa. La kwanza: tazama kalamu. Siku hizo jaji aliandika ushahidi wote kwa mkono, na ukienda mbio kuliko kalamu yake, nusu ya ukweli wa mtu inaanguka sakafuni. La pili: kunywa maji kabla ya kuanza, usinywe katikati, kwa sababu wananchi wakimwona mkalimani anakunywa maji wanadhani anatafuta uongo. Vyombo vya kazi yetu ni hivyo tu, koo na subira. Wanasheria wao wana majoho na nywele bandia za manyoya ya farasi, nguo za nchi ya baridi, na nimewaona wakitiririka jasho ndani yake mwezi wa Februari huku wakidai mteja wao ndiye anayeteswa.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa korti ya jaji, kwenye kesi za mauaji. Wakati huo mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa makusudi, hukumu ilikuwa moja tu, kunyongwa. Nilimwomba Mzee Jotham anifundishe inavyosemwa kwa Kijaluo. Alikataa.

"Hilo si neno la kufanyia mazoezi nyumbani kwa watoto wako," akasema. "Siku ikifika utaniita. Lakini shika hili moja. Usitazame viatu vyako. Mtazame mtu unayemwambia."

Siku yenyewe ililetwa na kesi ya Oduor.

Oduor alikuwa fundi wa mashua kule Dunga, yeye na ndugu yake Ochola, tumbo moja, baba mmoja. Walichonga pamoja tangu utotoni. Asubuhi moja mashua waliyoitengeneza ilirudishwa ikivuja, na Ochola akasema mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri samaki kwamba ubao uliooza uliwekwa na Oduor, kwa sababu macho ya Oduor yamekuwa ya mzee. Watu wakacheka. Oduor alikuwa ameshika tezo, chombo cha kuchongea mbao. Akampiga ndugu yake kichwani, mara moja, kwa mgongo wa tezo, si kwa makali. Ochola aliketi kwenye mchanga kama mtu anayetaka kupumzika. Hakuinuka tena. Oduor hakukimbia. Askari walipofika walimkuta amempakata, anamwambia aamke wamalizie ile mashua.

Hayo nilikuja kuyasema kortini kwa kinywa changu mwenyewe, "mimi nilimpiga, mimi nilimshika kichwa," na kalamu ya jaji ikaenda polepole.

Kwenye benchi la wananchi waliketi wanawake wawili ambao sikuwahi kuwaona wakisemezana. Mwisho wa huku aliketi Mama Peres, mama wa wote wawili, aliyeuawa na aliyeua. Mwisho wa kule aliketi Akinyi, mjane wa Ochola, na mtoto wa kike mgongoni. Akinyi alipotoa ushahidi aliulizwa kama ana jambo la kuongeza. Akasema, "Nataka alale mahali mume wangu amelala." Nikatafsiri hivyo hivyo. Jaji aliinua macho kidogo, akaandika.

Sheria ya wakati huo ilitaka kesi ya mauaji isikilizwe na jaji pamoja na raia watatu. Tuliwaita wazee wa baraza, hata kama mmoja wao alikuwa mama. Katika kesi hii walikuwa Mwalimu Ezra, mstaafu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Bwana Salim, mwenye bucha pale mjini, ambaye babu yake alikuja na reli. Na Mama Dorka, muuza nguo za mitumba wa soko la Kibuye. Walitoa maoni yao mwishoni. Mwalimu na Bwana Salim walisema Oduor aliua bila kukusudia. Mama Dorka alisema alikusudia, hata kama ni kwa muda wa kupepesa jicho. Jaji aliwashukuru. Maoni yao hayakumfunga.

Siku ya hukumu walirudi wote watatu ingawa hawakuitwa. Walitaka kujua. Jaji alichelewa, nasi tukawa kwenye kibanda cha chai nyuma ya mahakama, na hapo ndipo niliposikia mjadala mzuri kuliko yote niliyowahi kuisikia juu ya jambo hili, na nimewasikia mawakili wengi.

"Maandiko yanasema jicho kwa jicho," alisema Mwalimu Ezra, "lakini Kaini hakunyongwa. Alitiwa alama na kufukuzwa. Nimefundisha hadithi hiyo miaka mingi na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe ndio naanza kujiuliza leo."

"Kwetu Waislamu," akasema Bwana Salim, "aliyeuliwa ana wenyewe. Wenyewe wana haki ya kudai damu, na wana haki ya kusamehe, na kusamehe ndiko bora. Sasa hapa mwenye haki ni nani? Mjane anataka damu. Mama hataki. Na serikali haijamuuliza yeyote kati yao."

"Serikali haiwezi kuuliza," Mama Dorka akajibu. "Ikianza kuuliza, tajiri atasamehewa kila siku, na maskini atanyongwa. Afadhali sheria iwe kiziwi." Akakoroga chai yake. "Lakini kamba ndiyo siipendi. Kwa nini kamba? Hakuna njia nyingine?"

Mwalimu akasema amesoma kwamba Amerika wanatumia kiti cha umeme.

"Stima?" Mama Dorka akamtazama. "Stima hii yetu? Na siku imepotea katikati?"

Tulicheka. Bwana Salim alisema upanga wa mtu anayejua kazi ni wa haraka kuliko vyote, na akiwa mwenye bucha alikuwa na sababu ya kusema hivyo, lakini akaongeza kwamba hata yeye hamchinji ng'ombe ambaye anamjua kwa jina. Tukaitwa ndani.

Jaji alisoma kwa muda mrefu. Alisema fundi anayepiga kichwa cha mtu kwa chombo kizito anajua atakachopata. Alimpata Oduor na hatia ya kuua kwa makusudi, akasema sheria haimpi nafasi ya kuchagua. Kisha akasema maneno yale kwa Kiingereza na akanitazama. Mzee Jotham alikuwa amesimama mlangoni. Asubuhi ile alikuwa ameniambia kila neno, akinishika mkono wa shati.

Nilimtazama Oduor. Nikasema kwa Kijaluo: mimi nakuhukumu ufungwe kamba shingoni, unyongwe hadi ufe.

Lazima niwaeleze jambo hapa, ninyi mliozaliwa mjini. Neno letu la kunyonga, *deyo*, kijijini lilitumika karibu kila mara kwa mtu mmoja tu, yule aliyejitia kitanzi. Kwetu hicho ndicho kifo kibaya kuliko vyote. Mti uliotumika unakatwa na kuchomwa, maiti inachapwa fimbo kabla ya kushushwa, na anazikwa bila maombolezo ya kawaida, ili balaa lisiendelee kwa watoto. Kwa hiyo Kiingereza cha jaji kilitoka kinywani mwake kikiwa adhabu, na kikafika kwenye lile benchi kikiwa laana. Hakuna mtu aliyekosea. Ndivyo maneno yalivyo, kila moja lina nyumba yake.

Oduor aliniuliza, "Lini?" Nikamwambia jaji, "Lini?" Jaji akavua miwani, akasema hiyo si kazi yake, na kwamba Oduor ana haki ya kukata rufaa. Mama Peres hakulia. Alikuwa ameegemeza kichwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye ngazi za mahakama.

"Bwana Karani," akasema, "jana wewe ndiye uliyesema."

"Ni jaji, Mama. Mimi nilifikisha."

"Najua. Mimi si mjinga. Nimekuja kuuliza kwa sababu wewe ndiye unayenielewa. Mti watakaomfungia uko wapi? Na nani ataukata?"

Nilikuwa nimetamka kitu ambacho sikujua kinafanyika vipi. Nilimwomba anipe siku chache, na kusema kweli, swali lake lilinishika hata mimi. Nilianza kuuliza watu.

Mzee Jotham alikumbuka kusikia, akiwa kijana, kwamba wakoloni waliwahi kunyonga watu hadharani, machifu wakiamriwa kuleta watu watazame. Aliyenipa maelezo kamili ni Sajini Mutiso wa magereza, aliyekuwa akisindikiza wafungwa kuja kortini, mtu mpole aliyependa sana kuzungumza juu ya mbuzi wake. Aliwahi kupelekwa kupaka rangi katika jengo la kunyongea, huko gerezani Nairobi.

"Hakuna mti," aliniambia. "Ni chumba. Kuna mhimili juu na mlango sakafuni, wa kufunguka chini. Mtu anapimwa urefu, anapimwa uzito, halafu kamba inakatwa kulingana na yeye. Ikiwa ndefu sana ni vibaya, ikiwa fupi ni vibaya zaidi. Ni hesabu, karani. Kama kushona suti."

"Ulijisikiaje humo ndani?"

"Palikuwa pasafi," akasema. "Hicho ndicho kilichonisumbua. Mimi nilikuwa nimetumwa kupafanya pawe pasafi zaidi."

"Na mwili?"

"Haurudi. Wanazikwa humo humo, ndani ya ukuta."

Mama Peres aliporudi, nilimweleza yote, polepole, kama ninavyotafsiri. Habari ya mti aliipokea kwa kutikisa kichwa tu; kama hakuna mti hakuna wa kuukata. Niliposema juu ya mwili, alisimama. Nyote mnajua maana ya kuzikwa nyumbani kwa watu wetu. Ochola alikuwa na kaburi mbele ya nyumba yake, na mama yake alikuwa akilifagia. Huyu mwingine angekuwa hana hata mahali pa kufagiwa.

"Basi hapana," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyemwomba ruhusa. Akaniuliza mlango wa wakili wa rufaa ni upi.

Wiki hiyo hiyo nilikutana na Akinyi pale Kibuye, akipanga nyanya. Nilidhani atanipita. Aliniita.

"Niliomba afe," akasema. "Ulipotamka, nilishiba. Nilishiba mpaka nikafika stendi. Halafu nikasikia njaa, mtoto naye analia njaa, na Ochola bado amekufa." Aliifuta nyanya moja kwa leso. "Sijamsamehe. Usiende kumwambia mama mkwe kwamba nimesamehe. Nasema tu jinsi ilivyokuwa."

Nimesoma na kusikia hoja nyingi tangu wakati ule, za wanaotaka kamba ibaki na za wanaotaka iondolewe. Sijasikia mtu akiieleza siku ya pili baada ya hukumu kama Akinyi alivyoieleza.

Rufaa ilikaa muda mrefu, kama rufaa zote. Mzee Jotham alistaafu katikati, na mimi nikawa mkalimani mkuu. Oduor alikuwa Nairobi, miongoni mwa waliohukumiwa kufa. Hatimaye majaji wa rufaa walipokuja kuketi Kisumu, aliletwa. Nilimpita kwenye korido bila kumtambua. Mabega ya fundi yalikuwa yamekwisha, na shingo yake imekuwa nyembamba.

Majaji watatu walisikiliza, wakasema ugomvi ulizuka ghafla, pigo lilikuwa moja, matusi yalikuwa mazito mbele ya watu, na kwa hiyo ni kuua bila kukusudia. Hukumu ya kifo ikafutwa, mahali pake kikawekwa kifungo cha miaka. Nilimfikishia kila neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu, "Kwa hiyo ni lini?"

Nikamwambia jaji, "Kwa hiyo ni lini?" Jaji hakuelewa. Wakili hakuelewa. Mama Peres ndiye aliyeelewa. Alisimama kule nyuma, jambo lisiloruhusiwa, akasema kwa sauti, "Wuoda, mwanangu, hakuna lini tena! Hakuna! Utakuja nyumbani!" Askari wa korti alianza kumwendea. Jaji wa katikati akainua kidole kidogo, askari akasimama palepale. Niliyatafsiri maneno ya mama yule kwa Kiingereza ingawa hakuna aliyeniagiza. Nilitamani maji. Sikunywa.

Oduor alimaliza kifungo chake miaka ya tisini, wakati mji umejaa magugu-maji ziwani na siasa barabarani. Siku moja karani wa mapokezi aliniambia kuna mzee ananitafuta. Alikuwa yeye. Tuliketi kwenye kile kibanda cha chai. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza kulikuwaje kule, na kama hataki kusema asiseme.

"Mizani," akasema. "Wakati mwingine walitupeleka kwenye mizani, kwa ajili ya hospitali tu, kuona nani amekonda. Lakini sisi tulishasikia kwamba kamba inakatwa kwa uzito. Basi tulibishana. Wengine walisema ule sana uwe mzito, liwe jambo la mara moja. Wengine walisema ukonde, kamba ikose la kushika. Watu wazima, Bwana Karani, tunagombana kama wanafunzi juu ya hesabu. Mmoja wetu alikuwa mwalimu, akawa anatuchorea chini kwa kipande cha mkaa."

"Na wewe ulikuwa upande gani?"

"Mimi ni fundi. Nilijiuliza huyo anayepima kama ana macho mazuri."

Alikuwa amekuja kuniomba niende naye nyumbani. Mtu aliyeua ndugu yake hawezi kuingia tu bomani na kula na wenzake. Kuna wazee wa kuketi, kuna mbuzi, kuna maneno ya kusemwa mchana mbele ya wote. Mama Peres alikuwa ametaka niwepo. Sikuuliza kwa nini. Nilivaa koti langu la kazi.

Wazee walifanya yao, nami sitayaandika hapa, si yangu. Oduor aliulizwa alichofanya, akakisema chote kwa kinywa chake, palipokuwa na tezo, palipokuwa na kicheko. Mama Peres, sasa mdogo kama mtoto na macho yameanza ukungu, alikuwa akiitikia kila sentensi kwa kuguna. Kisha wazee wakamgeukia Akinyi. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na kila mtu alijua kwamba hakuwa mwepesi.

Akinyi alisimama. Kando yake alisimama yule mtoto wa mgongoni, sasa msichana mrefu aliyevaa sare ya shule, uso wote wa baba yake kwa walivyosema.

"Mimi niliishi na Ochola miaka michache tu," Akinyi akasema. "Nilijua chakula alichopenda, nilijua kikohozi chake. Msichana huyu kila siku ananiuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa mdogo kama yeye, na mimi sina la kumwambia. Mama mkwe anaanza kusahau. Anayeyajua ni wewe peke yako." Alivuta kiti cha mbao, akakiweka mbele ya Oduor, akamkalisha binti yake hapo. "Nilitaka ufe. Kama ungekufa ningemwambia nini? Haya, mwambie. Usiache kitu."

Oduor alitazama mikono yake. Kuku walipita katikati yetu na hakuna aliyewafukuza.

"Baba yako," akasema mwisho, "aliogopa vyura."

"Vyura?" msichana akauliza.

"Vyura. Mtoto wa ziwani, anaogelea kama mamba, lakini chura akiruka, yeye anapanda mgongoni kwangu. Nilikuwa nikimbeba hivyo mpaka shuleni."

Msichana akacheka, mkono mdomoni. Kisha akasogeza kiti chake mbele kidogo, akasema, "Endelea."